Aliyeshiba Hadi Kufa

Sura ya Nne

Daktari wa mochwari alikataa kusaini fomu. Alisema maiti iliyo mezani si ya mtu aliyeandikwa kwenye karatasi, na kwamba katika miaka yake ishirini na miwili ya kazi hajawahi kutia sahihi mahali ambapo macho yake yanakataa.

Inspekta alivaa miwani, akaichukua ile karatasi. Kitambulisho kilichobanwa juu yake kilikuwa cha fundi cherehani wa mitaa ya nyuma ya soko, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Fundi Pipa, naye akiitika. Kwenye picha mashavu yalikuwa yamejaa mpaka macho yamebaki mistari miwili, na kola ya shati ilikuwa imezama shingoni. Juu ya meza ya chuma alilala mtu ambaye mbavu zake ungezihesabu ukiwa umesimama mlangoni. Inspekta aliangalia picha, akaangalia meza, akarudi kwenye picha. Kazini walimpachika jina la Mama Kwa Nini, lakini asubuhi ile alikaa muda mrefu bila kuuliza kitu.

Walichukua alama za vidole. Zililingana. Kitambulisho kilikuwa kimetolewa miaka miwili tu nyuma.

"Ana kilo ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Thelathini na nane. Nimempima mara tatu, nikidhani mzani umeharibika."

Daktari alimweleza aliyoyakuta. Hakuna sumu. Mapafu safi, ini safi, uvimbe hakuna, kisukari hakuna. Tumbo limesinyaa mpaka lingeenea kiganjani, na ndani yake hamna kitu. Mafuta yote yameisha, hata yale yanayozunguka figo, ambayo mwili huyaacha mpaka mwisho. Alama ya kamba hakuna, kipigo hakuna. Mtu huyu amekufa njaa, njaa ileile ya watu waliofungiwa chumbani, ila huyu hakufungiwa. Kitu pekee alichokiona kwenye ngozi ni vijikovu vinne vilivyopangana upande wa ndani wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kila kimoja kidogo kama mbegu ya nyanya. Alidhani ni sindano za zamani.

"Pafungue," Inspekta alisema. "Ukikuta chochote nipigie, hata kama ni uzi."

Sajini alikuwa anamsubiri nje, maana mochwari ilimshinda tangu ujana wake. Alikuwa mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, mwenye kitambi cha heshima na methali ya kila tukio. Kwake yeye kesi ilikuwa imeiva, kilichobaki ni kupakua. Mke wa marehemu alikuwa mahabusu kwa siku ya pili, kwa malalamiko ya wifi yake. Huyo wifi, dada mkubwa wa Fundi, alikuwa mwanamke msomi, mtu wa kuheshimiwa, aliyekuja kituoni mwenyewe na maelezo yaliyopigwa chapa kurasa mbili: mdogo wake amenyimwa chakula na mkewe mpaka amekufa. Na haya hayakuwa maneno matupu. Jirani wa upande wa kushoto aliapa kwamba kila asubuhi alimwona yule mke akiwamwagia kuku sufuria nzima ya chakula. Tena siku aliyokamatwa, alikutwa na ufunguo wa kabati la chakula shingoni, kwenye uzi mweusi.

"Mume anakonda, kuku wananenepa," Sajini alisema. "Unataka nini tena, Afande?"

"Kujua kwa nini."

Sajini akatazama juu, kama mtu aliyejua jibu hilo litakuja.

Mke wa Fundi aliletwa kwenye chumba kidogo cha mahojiano. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imejaa vidonda vidogo vya sindano, kwani yeye ndiye aliyekuwa akishona vifungo na kupiga pindo dukani kwa mumewe. Hakulia. Alijibu kila alichoulizwa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha jibu maswali hayohayo kichwani mwake mara mia.

Kuhusu ufunguo alisema alipewa na mumewe mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, enzi ambazo Fundi alikuwa akiamka kila saa na kula chochote alichokikuta. Alimnunulia kufuli kwa mkono wake akamwambia: nikikulilia usinipe. Hivi karibuni kabati lile halikuwa likifungwa kabisa, ila ufunguo alishauzoea, kama mtu anavyozoea pete. Kuhusu kuku, alikiri. Alipika kila siku. Fundi alikaa mezani, akashika kijiko, akamwambia ameshiba. Asubuhi chakula kiko vilevile, kimeganda. Angekifanya nini?

"Alikuwa anatapika?"

"Hapana."

"Alikuwa na huzuni? Amegombana na mtu?"

Mke akatikisa kichwa. Miezi ya mwanzo, alieleza, Fundi alikuwa na furaha kama bwana harusi. Mtaa mzima ulimpongeza. Wateja walikuja kupimwa suruali, wakaishia kumuuliza siri yake. Alianza kupanda ngazi bila kuhema, akarudi kucheza na watoto wa jirani. Kisha akapita pale ambapo angetakiwa kuishia, akaendelea kukonda. Hapo pongezi zikakoma, minong'ono ikaanza. Mke alimpeleka hospitali mara mbili. Walipima damu, wakapiga picha ya kifua, wakampa vitamini. Mara ya tatu wifi yake alimzuia, akasema amwachie yeye.

"Kwa nini akuzuie?"

"Wifi ni daktari."

"Daktari wa nini?"

Mwanamke alifikiri. "Daktari tu. Alivaa lile joho na kofia, tukaenda wote kumpigia makofi."

Inspekta aliandika jambo hilo. Kisha akauliza kama hakujaribu kumlazimisha mumewe kula. Hapo sauti ya mwanamke ikabadilika kwa mara ya kwanza. Alisema alimlisha kwa kijiko, kama mtoto. Fundi alitafuna ili kumfurahisha, machozi yakimtoka.

"Aliniambia, mke wangu, mimi ni kama nimetoka karamuni sasa hivi, nimekula mpaka hapa," akagusa koo lake, "na wewe unanifuata na sahani nyingine. Ndivyo alivyosema mpaka siku ya mwisho. Hakuniambia anaumwa. Aliniambia ameshiba."

Saa nne asubuhi walikwenda nyumbani kwa marehemu. Chumba cha mbele kilikuwa duka: cherehani mbili, meza ya kukatia, mabaki ya vitambaa yamefungwa mafungu kwa rangi. Kufuli la kabati la chakula lilikuwa limeliwa na kutu; Sajini alilijaribu kwa ufunguo, likagoma kuzunguka. Alihangaika nalo dakika nzima, kisha akalirudisha polepole mahali pake, bila methali. Ndani ya kabati kulikuwa na unga, mchele, sukari, makopo ya maziwa. Nyumba ilikuwa na chakula cha kutosha familia kubwa mwezi mzima.

Inspekta alichokitafuta ni nguo. Kwenye msumari nyuma ya mlango aliona suruali moja ya kaki, akaigeuza ndani nje juu ya meza ya kukatia. Mshono wa nyuma wa kiuno ulikuwa umebanwa, ukabanwa tena, ukabanwa tena. Kila mara fundi alikuwa ameacha nyuma mstari wa vitundu vya sindano, mmoja ndani ya mwingine, kama mistari ya mti uliokatwa. Sajini aliihesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na tisa.

"Huyu alikuwa anajipunguza kwa ratiba," Inspekta alisema.

Daftari la vipimo lilikuwa kwenye droo ya cherehani. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: kifua, kiuno, paja, urefu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa cha habari cha neno moja, Mimi. Chini yake ilishuka safu ya viuno na tarehe. Ilianza na inchi hamsini, ikashuka mpaka ishirini na sita, katika miezi tisa. Mwandiko wa mwanzo ulikuwa mkubwa, wa majivuno, na pembeni ya inchi arobaini Fundi alikuwa amechora uso unaocheka. Mwandiko wa mwisho ulitetemeka. Inspekta alishusha kalenda ya ukutani, akaziweka tarehe moja moja. Zote zilikuwa Jumapili, na kati ya moja na nyingine zilipita wiki mbili kamili.

Walirudi kwa jirani wa kushoto, yule aliyeapa juu ya kuku. Inspekta hakumuuliza habari za kuku. Aliuliza nani alikuwa akija Jumapili. Jirani hakusita: dada yake, yule msomi, na mkoba wake mweusi, Jumapili moja anakuja, moja hapana. Walikuwa wakijifungia chumba cha kushonea nusu saa, mke akiwa jikoni. Watu walisema anakuja kupimwa magauni, ingawa yeye jirani hakuwahi kuona hata gauni moja likitoka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Sajini alisema wakiwa njiani, na safari hii hakuonekana kufurahia methali yake.

Dada wa Fundi alifanya kazi kwenye jengo la ghorofa mbili nyuma ya chuo, mwisho wa barabara ya changarawe. Ukiingia tu ulipokewa na harufu ya pumba za mbao na mkojo. Kulikuwa na mlisha panya mmoja, mzee mkimya mwenye mabuti ya mpira, aliyewapeleka juu. Inspekta alikuwa ametuma ujumbe kwamba anakuja kukamilisha maelezo ya mlalamikaji, na Mtafiti, ndivyo walivyomwita pale kazini, aliwapokea vizuri. Alikuwa mrefu, mwembamba kama uzi, kwenye meza yake chupa ya kahawa kavu na hakuna hata biskuti. Aliulizia lini mwili utatolewa wazike. Aliuliza pia kama mke wa marehemu amekiri.

Inspekta alisema bado. Kisha akaomba, kama mtu anayepoteza muda tu, kuonyeshwa kazi inayofanyika pale. Mtafiti alitazama saa, lakini uso wake ulikuwa umekwisha kufunguka. Ni watu wachache waliowahi kumwomba hivyo.

Panya walikuwa kwenye vizimba vya plastiki, rafu juu ya rafu. Wengine walikuwa wa kawaida. Wengine walikuwa wanene kiasi cha kushindwa kugeuka, wamekaa kama mito iliyosahauliwa kochini. Watu wanadhani mnene ni mlafi tu, Mtafiti alisema, na hapo ndipo wanapokosea. Mwili una uzito wake unaoulinda. Akawapa mfano wa tangi la maji juu ya paa: maji yakishuka, boya linashuka, bomba linafunguka, yakijaa, boya linapanda, bomba linafunga. Mafuta ya mwili nayo yana boya lake. Yanatoa kemikali inayosafiri kwenye damu mpaka ubongoni, kupeleka habari kwamba akiba ipo. Ubongo ukiisikia habari hiyo, unazima njaa. Usipoisikia, unaamini mwili unakufa, hata kama mafuta yamejaa tele, na mnyama anakula bila kukoma. Ndiyo maana ukimnyima chakula mnyama mnene, mwili wake haushukuru. Unabana matumizi, unapoa, unamlaza, na siku chakula kikirudi anarudisha kilo zote alizopoteza.

"Kwa hiyo mnene ana njaa," Inspekta alisema.

"Mnene wa namna hii anakufa njaa kila siku, na watu wanamcheka."

Alikuwa amewafikisha kwenye kizimba cha mwisho. Inspekta aliinama, akadhani anaona mnyama mmoja wa ajabu. Kisha akaona kwamba ni panya wawili walioshonwa ubavu kwa ubavu, ngozi ya mmoja imeingia kwenye ngozi ya mwingine, mshono umepona. Mmoja alikuwa mnene kama wale wa rafuni, anatafuna. Wa pili alikuwa mifupa. Chakula kilikuwa mbele ya pua yake, kimeigusa pua yake, naye hakukitazama.

Sajini alirudi nyuma hatua mbili.

Mtafiti alieleza bila kubadilisha sauti. Damu zao zinachanganyika. Huyu mnene sehemu ya ubongo inayosikia habari za mafuta imeharibiwa, kwa hiyo anakula, ananenepa, na mafuta yake yanazidi kumwaga kemikali. Yeye haisikii. Lakini inavuka kwa mwenzake, ambaye ubongo wake ni mzima, naye anaisikia yote.

"Huyu mwembamba anaumwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Haumwi. Ameshiba."

Mnene aliendelea kutafuna. Kilichosikika chumbani ni meno yake tu. Inspekta aliliona koo la mke wa Fundi, na kidole chake kikiligusa: nimekula mpaka hapa. Simu yake ililia mfukoni akaipokea akiwa bado anakitazama kizimba.

Alikuwa daktari wa mochwari. Alikuwa ameufungua ule mkono. Chini ya kila kovu alikuta kidude cha plastiki laini, chenye ukubwa wa punje ya mchele, kitupu ndani, kama kifuko cha dawa inayotoka kidogo kidogo. Vinne. Hajawahi kuviona vitu hivyo kwenye mwili wa mtu.

Inspekta alishukuru, akakata simu. Kwenye meza ya chuma kando yake kulikuwa na sinia, na kwenye sinia sindano nene yenye tundu pana, na kikopo cha kioo. Ndani ya kikopo mlikuwa na punje za mchele za plastiki, zaidi ya ishirini.

"Hizi unaziweka wapi?" aliuliza.

"Shingoni kwa panya, chini ya ngozi. Zinamwaga ile kemikali ya mafuta kidogo kidogo," Mtafiti alisema. Kisha akaona uso wa Inspekta, na mkono wake ukaenda kwenye kikopo kukifunika.

Inspekta aliomba daftari la uzito wa wanyama. Mtafiti alisema lingehitaji ruhusa ya mkuu wake. Mlisha panya, ambaye hakuwa ameambiwa chochote, alilitoa kwenye rafu na kulileta, kwa sababu mtu wa serikali ameomba. Kurasa zilikuwa na namba za wanyama, moja hadi thelathini, kila mmoja na kizimba chake, uzito kwa gramu: mia saba na kumi, mia sita na sabini, mia sita na arobaini. Baada ya namba thelathini ilikuja namba thelathini na moja. Mahali pa kizimba palikuwa wazi. Uzito ulianza na mia moja kumi na nane.

"Huyu ni mtoto wa panya?" Inspekta alimuuliza yule mzee.

Mzee alisema pale hawana watoto. Na alipoonyeshwa tarehe alizidi kushangaa, kwani zilikuwa Jumapili, na Jumapili chumba cha mzani kinafungwa, ufunguo unakaa kwake.

Inspekta alitoa kwenye mkoba daftari la Fundi, akaliweka kando ya lile la wanyama. Jumapili kwa Jumapili, upande mmoja inchi, upande mwingine kilo. Hamsini, mia moja kumi na nane. Arobaini, themanini na tano. Ishirini na sita, thelathini na tisa. Karibu na mwisho, kwenye kilo hamsini na mbili, mkono uleule uliosaini malalamiko ya kurasa mbili ulikuwa umeandika kwa penseli: kuondoa? Na chini yake: zimebaki wiki sita.

"Zimebaki za nini?"

Mtafiti alikaa. Alieleza kwamba ripoti ilihitaji miezi tisa kamili. Mdogo wake alikubali, tena alimwomba. Baba yao alikufa kwa unene, kaka yao mkubwa vilevile, kabla ya kufika hamsini. Walikubaliana iwe siri, kwa sababu hakuna ambaye angemruhusu. Wanyama wote walishuka, wakafika mahali, wakasimama. Alisubiri na yeye asimame.

"Wanyama wako ni viziwi," Inspekta alisema. "Umesema mwenyewe. Ndugu yako alikuwa anasikia."

Mtafiti alikirudisha kikopo katikati ya sinia.

"Na mkewe? Mwanamke amelala sakafuni siku mbili kwa karatasi zako."

"Kama alikuwa yeye," Mtafiti alisema polepole, "basi haikuwa dawa."

Ilikuwa namna ya ajabu ya kulisema jambo hilo, na Inspekta alibaki nalo kidogo. Mtu anayejitetea angesema: basi si mimi. Huyu alikuwa anaitetea dawa. Inspekta alirudi kwenye daftari, akageuza ukurasa. Kulikuwa na namba thelathini na mbili. Kizimba hakuna. Imeanza wiki kumi na mbili zilizopita kwa sitini na sita. Uzito wa mwisho ulikuwa wa wiki iliyopita: arobaini na nne.

"Huyu ni nani?"

Mtafiti aliweka viganja vyake vyote viwili juu ya meza.

"Huyu yuko hai," Inspekta alisema. "Wiki iliyopita alikuwa na kilo arobaini na nne. Ni nani?"

"Ni mwanangu."

Sajini alikaa juu ya gunia la chakula cha panya. Mlisha panya aliondoka chumbani bila kuaga, na buti zake zilisikika mpaka chini ya ngazi.

Msichana alikuwa na miaka kumi na minne, shule ya bweni, mwendo wa saa moja. Wenzake walimtania mwili wake, akamlilia mama. Alipandikizwa punje moja tu, Mtafiti alisema, yenye nusu ya kipimo, wakati mjomba wake alipokuwa amependeza na mtaa mzima unamsifu. Baadaye, mdogo wake alipoanza kuisha, alijiambia ataitoa shule ikifungwa. Zilibaki siku kumi.

"Mimi nimeishi na njaa miaka thelathini," alisema. "Nalala nayo, naamka nayo, ili niwe hivi unavyoniona. Sikutaka mtoto wangu aishi hivyo."

Alisema ana vifaa vyote, anaweza kuitoa mwenyewe kwa dakika tano. Inspekta alimwambia hatamgusa. Alimpa karatasi aandike jina la dawa, kipimo, na kila ambacho daktari atahitaji kujua. Mtafiti aliandika kwa makini, mwandiko safi, na mwisho akapigia mstari maneno haya: wasimlishe kwa haraka, moyo hautastahimili. Kisha Sajini akamfunga pingu.

Walifika shuleni wakati wa chakula cha mchana cha zamu ya pili. Mwalimu wa zamu alimsifu msichana: mtulivu, mkarimu, kila siku anawagawia wenzake sahani yake. Walimkuta bwenini, jua likiwaka nje, amevaa sweta mbili na kujifunika blanketi, anasoma. Alisimama kuwaamkia, akashika nguzo ya kitanda. Inspekta alimwomba akunje mikono ya sweta. Kovu lilikuwa palepale, ndani ya mkono wa kushoto. Msichana alimuuliza kama mama yake atakasirika kwa kuwa watu wamejua.

Hospitali waliitoa punje ile kwa kisu kidogo, kwa muda usiozidi wa kuchemsha chai. Daktari wa zamu aliisoma karatasi ya Mtafiti mara mbili, akamuuliza Inspekta aliyeandika ni nani, maana ameandika vizuri sana. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga polepole mno. Dawa ingechukua siku kadhaa kutoka kwenye damu, na kabla ya hapo hakuna aliyejua. Wangempa maji ya chumvi na sukari kwenye mshipa, tone kwa tone, na kusubiri.

Saa kumi jioni mke wa Fundi aliachiliwa. Inspekta alimweleza yote mwenyewe, wakiwa wamekaa kwenye benchi la kituo, kwa sababu jambo lile halikuwa la kusomewa kwenye karatasi. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Hakumtukana wifi yake. Aliuliza swali moja tu, kama mumewe alipata maumivu, na Inspekta akamwambia ukweli, kwamba daktari anadhani hakuyapata. Kisha akauliza mtoto amelazwa wadi gani.

Sajini alisema atampeleka nyumbani kwanza, akaoge, apumzike. Mwanamke alijibu kwamba mama wa mtoto yuko ndani, kwa hiyo mtoto yuko peke yake.

Mlangoni mwa wadi muuguzi aliwazuia. Muda wa kutembelea wagonjwa ulikuwa umekwisha, na aliyeruhusiwa kulala na mgonjwa ni ndugu wa karibu tu. Akamtazama yule mwanamke, gauni limekunjamana kwa siku mbili za mahabusu, akamuuliza yeye ni nani wake.

"Mimi ni mkaza mjomba wake."

Muuguzi akampisha. Inspekta alibaki mlangoni. Msichana alikuwa amelala amegeukia ukuta, na kando ya kichwa chake, juu ya kabati, mhudumu alikuwa ameacha sinia la uji kwa mazoea, bila kujua. Mwanamke alilichukua, akavuka nalo chumba kizima, akaliweka dirishani, mbali. Kisha akavuta kiti, akaketi, akauweka mkono wake juu ya blanketi.

"Hakuna atakayekulisha kwa nguvu," alimwambia. "Tunakaa tu."